Vilima Vinane vya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na kabati la Mizoga nalo limefunguliwa leo. Sijui kipi kimenikera zaidi.

Nikiandika niandike inavyoeleweka. Ninafanya kazi hebaria, jengo lenye makabati ya chuma kuanzia mlangoni hadi dirishani. Ndani ya makabati kuna mimea iliyobanwa, ikakaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu. Kila karatasi ina lebo pembeni: nani aliuchuma mmea, wapi, lini. Mimi nazipiga picha na kuyaingiza maneno ya lebo kwenye kompyuta. Mwenzangu, Gundi, anabandika upya iliyobanduka. Jina alipewa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo sijawahi kuviona vikiwa safi, na kwa vidole hivyohivyo ananikaribisha karanga.

Msimu huu tumepangiwa jenasi moja ya maua ya porini. Kwa Kilatini ina jina refu la kupendeza. Sisi tunaiita Mizoga. Ni mimea minene isiyo na majani, inaota kwenye nyufa za mawe, na maua yake yana rangi ya maini na nywele juu yake. Yanachanua kwenye mvua na yananuka nyama iliyooza. Nzi wanadanganyika, wanakuja kutaga, na katika kuhangaika kwao wanalichavusha ua. Funza wakianguliwa hawakuti nyama, wanafia humohumo. Ukifungua karatasi ya zamani unawakuta wamekauka, wamelala ndani ya ua kama punje za mchele. Nimewakuta leo. Chakula cha mchana sikula.

Na mtu aliyeijua Mizoga kuliko wote ni baba yangu mzazi, ambaye hivi ninavyoandika yuko sebuleni kwangu anakata kucha.

Jumanne, 5 Machi

Funza. Mvua. Mende ndani ya bahasha ya mbegu, mzima kabisa, ananitazama.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kwenye karatasi za Baba. Ziko tisa, zote za spishi moja adimu ambayo yeye ndiye aliyeileta hapa kwa mara ya kwanza. Vilima tisa, misimu minne ya mvua, na mwandiko wake ule wa kulalia upande.

Mkuu wetu alikuja kusimama nyuma yangu. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Baba, na akilitaja jina lake anashusha sauti kama yuko msibani. Akaniambia mvua zikiisha chumba cha makabati kitapewa jina la Baba. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya meza ya vielelezo, maganda yakaangukia kwenye ua. Akayapuliza.

Jioni nikampelekea Baba habari. Akatabasamu, akaenda kunawa mikono, akarudi amejipaka poda shingoni. Baba ni msafi kupita kiasi. Tangu astaafu anakaa kwangu, na kila asubuhi nampigia pasi shati ambalo halijachafuka. Huwa naudhika. Leo sikuudhika, leo nilijivunia kuwa mwanawe.

Alhamisi, 14 Machi

Wamekuja watu wa bodi ya mazingira, wamelowa, wameacha tope mpaka kwenye zulia. Kuna kampuni inataka kuvunja Kilima cha Mnara, kile chenye mnara wa simu, ifanye kokoto. Ile spishi ya Baba inaota pale. Bodi inauliza: inaota na kwingine? Kama haioti kwingine, kilima hakiguswi.

Mkuu akawafungulia picha zangu palepale. Inaota kwenye vilima tisa, akasema, kimoja kikiondoka vinabaki vinane. Nikaona mabega yao yanashuka kwa raha. Uamuzi utatolewa kwenye kikao cha mwanzoni mwa Mei. Mmoja akaomba alinuse ua lenyewe. Nikampa lile kavu, akalinusa, akasema mbona halinuki. Alionekana kuchukizwa kwa kukosa cha kumchukiza.

Jumatano, 20 Machi

Gundi hakuja. Tumbo linamsumbua, na mimi nazijua hizo karanga. Kwa hiyo karatasi tisa za Baba nilizipanga mwenyewe mezani, zote kwa pamoja, nizisafishe kabla ya kuzirudisha kabatini.

Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa natoa vumbi kwenye mizizi kwa brashi.

Kwenye karatasi ya Kilima cha Mnara mizizi imetawanyika ovyo, imepinda huku na kule, na vijiwe vimenaswa katikati yake. Ndivyo ilivyo mizizi ya mmea wa mwambani. Kwenye zile nane nyingine mizizi imejizungusha duara, tabaka juu ya tabaka, duara safi kabisa. Mzizi hauzunguki hivyo porini. Unazunguka hivyo ukiwa ndani ya kopo, umetafuta pa kutokea, umekosa. Na kwenye mmoja kuna gamba la rangi ya kijani, rangi ya mafuta ya kupaka milango, la ukubwa wa ukucha.

Nikakaa chini. Yale makopo nayakumbuka. Yalikuwa makopo ya rangi, ya kijani, yamepangwa nyuma ya jiko letu wakati naanza shule. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, na harufu ile ilikuwa inamtapisha. Alimsihi Baba ayaondoe. Baba akasema subiri, linakaribia kuchanua. Basi Mama ndiye aliyekuwa anayatoa juani na kuyarudisha, amejifunga kitambaa puani, anawachokoa funza kwa kijiti wasije wakaingia jikoni. Anakwenda pembeni kutapika, anarudi, anaendelea.

Na Baba alikuwa ndani, anasikiliza redio. Misimu yote ile ya mvua alikuwa ndani. Mimi nilidhani ni likizo.

Ninaandika haya na mikono yangu naihisi michafu. Nimeinawa, na nimejiona nainawa kama yeye.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempigia pasi shati. Sikumwambia kitu. Sikumtazama.

Jumatano, 27 Machi

Nimempelekea Mkuu karatasi zote tisa. Alizitazama, na niliona wazi kwamba ameelewa, kwa sababu aliacha kutafuna. Kisha akazifunika moja baada ya nyingine, taratibu, kama anafunika maiti.

"Mizizi inaweza kuzunguka hata kwenye shimo la jiwe," akasema.

Nikamuuliza, yote minane? Akaniambia nikae. Akaniita dada, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada, yule ni mzazi wako. Amebakiza nini? Muache aende na heshima yake. Sisi tutasahihisha baadaye."

"Baadaye kilima hakitakuwepo."

Akasema lebo ni neno la mchumaji, na neno la mchumaji halitenguliwi na mpiga picha. Mchumaji mwenyewe akisimama mbele ya bodi akasema hakufika, yeye Mkuu hatapinga. Alisema hivyo akiwa na uhakika kwamba jambo hilo halitatokea, na akanifungulia mlango kwa adabu. Nilitoka nikiwa na hamu ya kutema mate kwenye zulia lake, lililokwisha kuharibiwa na tope la bodi.

Jumanne, 2 Aprili

Gundi amekubali kufuatana nami kwenye vilima vya Baba. Tumeanza na viwili vilivyo karibu, tukapanda kutwa nzima kwenye tope. Kupe, miiba, ruba mmoja kwenye soksi ya Gundi, ambaye alimwonea huruma akamtoa kwa upole. Ua hakuna. Kwenye kilima cha pili hakuna hata mwamba. Ni udongo mtupu kuanzia chini hadi juu. Baba hakujisumbua hata kuuliza.

Jumatano, 3 Aprili

Mafua. Nimelala. Baba ameniletea chai mlangoni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu ili asiambukizwe.

Jumatatu, 8 Aprili

Kilima cha Mnara. Tulianza kulisikia ua kabla ya kuliona. Harufu ilitupiga ghafla, Gundi akacheka mpaka akakohoa, mimi nikainama nikatapika kidogo kwenye majani. Halafu tukaliona. Liko kwenye ufa mmoja wa mwamba, mrefu kama uchochoro wa nyumbani kwangu, na kilima kizima halipo penginepo. Maua yalikuwa yamefunguka kwenye manyunyu, mekundu ya damu iliyoganda, na nzi wamejaa juu yake, wanasukumana. Mayai meupe yalikuwa yamebandikwa kwenye nywele za ua.

Watu wa kampuni wamekwisha kupaka alama nyekundu kwenye mwamba, juu na chini ya ufa.

Nilikaa pale na kitambaa puani. Ni kitu kichafu, kinanuka, kinadanganya, hakijamwomba mtu akipende. Lakini angalau chenyewe kinasimama kwenye mvua. Sikutaka kivunjwe. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa sitaki.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimemuuliza.

Nilimsubiri amalize chai, akajifuta mdomo, akakunja leso mara nne kama kawaida yake. Nikaweka mbele yake picha za mizizi. Nilijua atakana. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimemeza hasira tangu asubuhi niitumie vizuri.

Hakukana. Alizitazama picha kama mtu anayetazama picha za arusi ya jirani.

"Ulifika vilima vingapi, Baba?"

"Kimoja."

Nikamuuliza kwa nini. Moyoni nilikuwa nimemwandalia sababu nyingi: labda aliugua, labda alitishwa na watu wa huko, labda kuna jambo lilimpata kwenye kile kilima cha kwanza ambalo hawezi kulisema. Ningepokea yoyote.

"Mvua, mwanangu," akasema. "Lile ua halichanui mpaka mvua iwe kubwa. Unapanda kwenye tope, umelowa mpaka nguo za ndani, miiba, kupe, halafu unalala kwenye unyevu. Nilikwenda mara ya kwanza nikasema sirudii."

"Na zile lebo?"

"Wenzangu kila msimu walikuwa wanaleta vielelezo. Ningeandika nini? Nyuma ya jiko?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kweli, akitegemea nami nitacheka. Nikamkumbusha kwamba makopo alikuwa anayahangaikia Mama. Akafikiri, akasema ndiyo, mama yako alikuwa na mkono mzuri wa mimea.

Kisha akaenda kunawa.

Sijui kuandika ninachohisi. Angekuwa mwizi ningemwelewa. Angekuwa na mwanamke nje ningemchukia nikapona. Lakini kutotaka kulowa! Maisha yote tumetembea kwa ncha za vidole kwa sababu Baba anaandika, Baba amechoka na safari, Baba ni mtu mkubwa. Na mtu mkubwa alikuwa anaogopa tope, akamwachia mjamzito funza.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua kutwa. Baba amelalamika kwamba kola haikunyooka.

Alhamisi, 18 Aprili

Kola imenyooka.

Jumatano, 24 Aprili

Mkuu amekuja na kibao cha shaba kilichochongwa jina la Baba, akakipitisha meza hadi meza. Gundi akakishika, vidole vyake vikabaki pale. Mkuu alikisugua muda mrefu kwa mkono wa shati. Mimi niliomba udhuru nikaenda kusimama mbele ya friza tunamogandishia wadudu, nikafungua mlango nipate ubaridi usoni.

Jumapili, 28 Aprili

Kikao kimekaribia. Nimekwenda kwa Baba nikapiga magoti, mimi, mtu mzima. Nikamwomba aje mbele ya bodi aseme neno moja tu, hakufika. Nikamweleza kuhusu ufa ule na alama nyekundu. Nikamwambia akinyamaza, ua lililompa jina litasagwa kutengenezea barabara, na litasagwa kwa sababu ya vilima vinane ambavyo hakuvipanda.

"Niende nikaseme niliogopa tope?" akasema. "Mbele ya watoto niliowafundisha?"

Nikachoka. Nilichoka mpaka miguuni. Na hapo nikasema kitu, kwa kejeli, kwa kumsuta, nataka nijiandikie wazi kwamba ilikuwa kwa kumsuta:

"Basi sema lolote. Sema Mama alikuwa mgonjwa, ulikuwa unamuuguza."

Mama hakuwahi kuugua. Alikuwa na nguvu za kubeba mapipa. Alikufa ghafla, mdogo wangu akiwa hajaanza hata kutambaa. Asubuhi alikuwa anafua, jioni hayupo. Hakuna aliyemuuguza kwa sababu hakukuwa na wa kuuguzwa.

Baba hakuisikia kejeli. Alitazama dirishani, na nikaona uso wake unalainika kama wa mtu aliyepata kiti baada ya kusimama sana.

"Suti yangu nyeusi iko wapi?" akauliza.

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikwenda kuitafuta suti.

Jumatatu, 6 Mei

Kilima kimeachwa. Niandike hilo kwanza, maana ndilo nililolitaka.

Ukumbi wa bodi una madirisha yasiyofunguka na viti vya plastiki vinavyonata mapajani. Watu wa kampuni walikuwa upande mmoja na ramani zao. Mkuu alisoma taarifa ya vilima tisa mpaka mwisho. Kisha Baba akanyanyua mkono, akasimama, suti imemkaa vizuri, na akasema zile lebo nane ni za uongo na aliziandika yeye.

Nikamtazama kwa matumaini. Kwa muda mfupi, niseme ukweli, nilimpenda sana.

"Mke wangu alikuwa kitandani," akaendelea. "Misimu minne. Ningemwacha na nani? Nilichukua mmea mmoja kutoka Kilima cha Mnara, nikauotesha nyumbani, nikawa nauhudumia huku namhudumia yeye. Niliona haya kusema ofisini. Nilichagua mke, nikaidanganya kazi. Nihukumuni."

Sauti ilikatika palepale ilipotakiwa kukatika. Mwenyekiti akavua miwani. Mkuu akalia waziwazi, mabega yakimtikisika. Hata mwanasheria wa kampuni aliinamisha kichwa, akaanza kukunja ramani.

Mimi nilikuwa safu ya pili. Kama ningesimama, Baba angekuwa mzee aliyedanganya mara mbili, na neno la mtu wa namna hiyo halizuii tingatinga. Nilikaa. Mapaja yalinata kwenye kiti. Bodi ikaamua, watu wakapiga makofi, na hawakukipigia kilima makofi.

Njiani kurudi aliomba tufunge vioo vya gari, vumbi lisimfikie.

Jumanne, 7 Mei

Sikula.

Alhamisi, 9 Mei

Kwetu lebo ya zamani haibanduliwi. Hata ikiwa ya uongo inabaki, na kando yake inabandikwa nyingine ndogo ya masahihisho, yenye sababu, tarehe, na jina la aliyesahihisha. Ndiyo desturi ya kazi, na mimi nimeiheshimu siku zote.

Mkuu alinisimamia akanitajia maneno. Mchumaji hakufika mahali palipotajwa. Mmea ulioteshwa nyumbani. Mchumaji alikuwa akimuuguza mkewe. Nikamwambia sehemu ya mwisho haihusiani na botania. Akanitazama kwa huzuni, kama mtoto asiye na shukrani, akasema kibao cha shaba kitawekwa kama kawaida, na sasa kina maana zaidi. Chini ya kila lebo niliandika jina langu.

Gundi alikuwa anapaka gundi. Kwenye ya tatu au ya nne akaniuliza taratibu mama yetu aliugua nini. Nikamwambia apake vizuri pembeni, panabanduka.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika. Tangu asubuhi wageni wanaingia na kutoka: majirani, wanafunzi wa zamani, watu ambao hawakuwahi kumjua Mama wanampa Baba pole ya Mama. Yeye amekaa kwenye kiti chake, kola imenyooka, na kila anaposimulia anatia chumvi. Asubuhi alikuwa anampikia uji. Mchana alikuwa anamwogesha na kumchana nywele. Sasa hivi anasema Mama alikuwa anamwomba amsimulie vilima akiwa kitandani, naye anamtungia. Nadhani ameanza kuamini. Macho yake yalikuwa na machozi halisi, na alipoyafuta aliitazama leso kwa uangalifu kabla ya kuikunja.

Nilikimbilia jikoni kuosha vikombe. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu, ambaye anaishi mbali na hapigi mara kwa mara. Hakumjua Mama kabisa. Hata picha yake hana. Ile moja tuliyokuwa nayo iliharibika zamani. Nikasikia pumzi tu, nikadhani mtandao mbaya. Alikuwa analia. Simulizi za Baba zilikuwa zimemfikia.

"Dada," akasema, "kumbe alimpenda hivyo."

Nikazima bomba ili nimsikie.

"Mimi siku zote nilidhani hakumjali. Hakuwahi kunieleza chochote kuhusu Mama, nikajua ndiyo basi. Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka. Ni kweli alikuwa anamwogesha?"

Kutoka sebuleni sauti ya Baba ilikuwa inapanda na kushuka. Na mimi nilikuwa na kitu cha kumpa mdogo wangu, kimoja tu, na ni cha kweli: mama yake nyuma ya jiko na kitambaa puani, yeye akiwa tumboni, anatapika, anajifuta, anarudi kwenye makopo. Hicho ndicho alichoachiwa. Kilikuwa mdomoni kabisa.

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

Akalia zaidi, nikamngoja. Alipotulia akasema, niambie mengine, Dada, chochote unachokumbuka. Kinyaa kilinipanda, na safari hii hakikuwa cha Baba. Nikafuta mikono, nikavuta kiti, nikamwambia.